Meli Haikui

Wabebaji wawili waliiingiza meli katika chumba cha matengenezo wakitembea kimbavumbavu, wakiambizana "polepole, polepole" kama watu waliobeba sufuria ya maji yanayochemka. Waliitua juu ya meza yangu chini ya dirisha, wakajifuta jasho, wakaondoka. Nikabaki nayo.

Urefu wake ulilingana na kitanda cha mtoto mchanga. Mbao zake zilikuwa zimeiva rangi ya asali. Ilikuwa na milingoti mitatu, na kila mlingoti ulibeba foromali zake, ile miti ya kulala inayoshika matanga. Aliyeichonga alikuwa seremala wa melini, zaidi ya miaka mia iliyopita, akiiga meli aliyokuwa akiifanyia kazi. Hakuyaacha matanga wazi yakiwa yamejaa upepo, kama watu wengi wapendavyo. Aliyakunja, akayafunga juu ya foromali moja baada ya nyingine, kama meli iliyokwisha kutia nanga na mabaharia wake wamekwenda kusalimia nyumbani. Nilimpenda mtu huyo kabla sijajua lolote jingine juu yake. Alikuwa na mbao, muda na mikono ya kuchonga safari yoyote duniani, naye akachagua kuchonga kufika.

Lakini matanga yenyewe yalikuwa yameoza. Ukiyagusa, yanamong'onyoka kama jani kavu. Moja tu ndilo lililobaki zima, kwenye foromali ya chini ya mlingoti wa nyuma, gumu na jeusi kama kijiti cha mkaa.

"Hilo usiliguse," aliniambia mkuu wa jumba la makumbusho, ambaye sote tulimwita Bwana Taratibu, kwa sababu hakuwahi kumaliza sentensi mbili bila kulitaja neno hilo. "Mengine tengeneza mapya. Taratibu. Ukumbi mpya unafunguliwa mwisho wa mwezi, na meli ndiyo itakayokaa mlangoni. Unamjua mtu wa kushona? Mwenye mkono mwepesi?"

Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, nimesomea uhifadhi wa vitu vya kale, na hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza. Mtu wa kushona nilimjua mmoja tu.

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyenilea baada ya wazazi wangu kutangulia mbele ya haki. Alikuwa na chumba cha kushonea kando ya barabara, kimepakana na kinyozi, na cherehani yake ndiyo iliyonilisha na kunisomesha mpaka chuo. Mtaani walimwita Mama Upindo. Kila sare ya shule aliyoishona aliiachia upindo mpana kama kiganja, ameukunjia ndani kwa mishono ya kufumuka kirahisi. Wazazi wakiuliza kwa nini sketi ni nzito chini, jibu lilikuwa lile lile: "Mtoto anakua, kitambaa hakikui." Sketi yangu mwenyewe ilishushwa mara nyingi hivi kwamba ilikuwa na mistari iliyopauka, mmoja juu ya mwingine, na wenzangu darasani walinitania kwamba nimevaa daftari.

Jambo la pili alilojulikana nalo ni mabaki. Hakubakiza kitambaa cha mtu. Ukija kuchukua nguo, unapewa na kifurushi cha vipande vilivyosalia, hata kama ni vya upana wa kidole. Mafundi wenzake walimcheka. "Sasa mto wako utaujaza nini?" walimuuliza. Naye aliwajibu kwamba yeye hulalia mkono wake, na usingizi unakuja vizuri tu.

Mkono huo ndio uliomsaliti. Mwaka uliopita aliugua, akalazwa, akapona, lakini mkono wa kulia ulirudi nyumbani ukitetemeka. Daktari alisema mazoezi yataurudisha. Shangazi hakuupa mazoezi. Aliifunika cherehani kwa shuka, akawa anakaa mlangoni akisalimiana na wapita njia, na kinyozi akaanza kuiulizia, kwa kuwa binti yake alitaka kujifunza ushonaji.

Nilimkuta hapo hapo mlangoni.

"Shangazi, nina kazi yako."

"Kazi gani? Mimi nimestaafu."

"Ya kushona."

"Muulize kinyozi. Ana mashine."

"Mimi nashona vichwa tu, mama!" kinyozi alipaza sauti kutoka ndani kwake.

"Ndiyo maana vingine vinatoka na viraka," Shangazi akamjibu bila kugeuka. Kisha akanitazama. "Nani anaoa?"

"Hakuna anayeoa. Ni matanga ya meli."

"Mwanangu, chuo kimekufanya nini? Mimi nishone nguo ya meli?"

"Meli yenyewe inaenea mezani."

Akainamisha macho. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani, na wa kushoto umeushika kama mtu anavyomshika mtoto asikimbilie barabarani.

"Nitakuja kuiona," akasema mwishowe. "Kuona si kushona."

Alikuja kesho yake amevaa gauni lake la kutokea. Aliizunguka meli mara kadhaa, akainama mpaka pua ikawa karibu na sitaha, akazitazama zile kamba nyembamba kama nywele na vigingi vidogo vilivyozishika. Akazihesabu foromali kwa kidole bila kuzigusa.

"Aliyefanya hii alikuwa na macho," akasema. Halafu akaketi kwenye kiti changu bila kukaribishwa. "Sikiliza. Nitajaribu hii moja. Mkono ukikataa, Jumamosi kinyozi anabeba cherehani yake, na wewe usinibembeleze tena. Sawa?"

Sikutaka kusema sawa. Niliiona ile cherehani ikitoka mlangoni, na Shangazi akibaki na kiti na barabara.

"Sawa, Shangazi."

Tulianza kwa kutafuta pamba laini kuliko zote, tukaichovya kwenye chai ya rangi mpaka ikapoteza weupe wake wa dukani. Uzi tuliupitisha kwenye nta ili usitoe manyoya. Nilichora vipimo kutoka kwenye mchoro mkubwa wa meli za aina ile, unaozionyesha zikiwa safarini na matanga yote yameshushwa.

"Shangazi," nilimwambia nikiwa na penseli mkononi, "haya yatakunjwa. Hakuna atakayeyaona yote. Unaonaje tukiyapunguza kidogo urefu?"

Alinitazama kana kwamba nimetukana.

"Mteja asipokuona ukimpunja, wewe mwenyewe unajiona."

Maneno hayo yaliniingia moyoni moja kwa moja. Niliona aibu kwa kuuliza, nikachora kila tanga kwa urefu wake kamili.

Mwanzoni sindano ilimkimbia. Ncha ilicheza juu ya kitambaa kama nzi asiyejua pa kutua. Alijichoma, akasonya, akajichoma tena. Kabatini nilikuwa na vifuko vya mchanga tunavyovitumia kukandamizia karatasi za zamani, nikamsogezea kimoja, naye akakilalishia kifundo cha mkono. Vidole vilitulia. Si kabisa, lakini kiasi cha sindano kuchagua mahali na kupaamini. Mshono wa kwanza ulipinda. Wa pili ulipinda kidogo. Kufika wa tano Shangazi alikuwa ameanza kuimba kwa kupumulia puani, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu alipotoka hospitalini, nami nilijifanya natafuta kitu chini ya meza ili asinione uso.

Kwa siku kadhaa tulifanya kazi hivyo. Akifika, anavua viatu, anaomba kifuko chake cha mchanga, na ananiuliza habari za baba wa meli, yaani yule seremala, kama vile amelala chumba cha pili. Matanga yakakamilika, kila moja na pindo zake nne zilizonyooka. Tukayafunga kwenye foromali. Kilichobaki kilikuwa kuyakunja.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Tulilianza tanga kubwa la mlingoti wa kati. Tulilikunja toka chini kwenda juu, tukalibana, tukalifunga. Lilikuwa nene mno. Tulilifungua, tukalilowesha, tukalikunja kwa kulikaza zaidi. Likawa gumu mno, na bado nene. Tukajaribu la pili na la tatu. Kila foromali ilibeba furushi lililoning'inia kama tumbo baada ya shibe. Tulikuwa bado tumeinama pale Bwana Taratibu alipochungulia mlangoni.

"Oh," akasema. "Hii meli inahama nyumba? Naona imefunga na magodoro."

Alicheka, na hakuwa na ubaya wowote. Mimi mwenyewe karibu nicheke, kwa sababu yalikuwa magodoro kweli. Lakini Shangazi hakucheka. Aliuondoa mkono wake kwenye kifuko cha mchanga na kuuficha chini ya meza.

"Ni mkono," Shangazi akasema, Bwana Taratibu alipokwisha kuondoka.

"Si mkono, Shangazi. Mishono yako ni mizuri. Tazama."

"Mishono ni mizuri, kukunja kumenishinda. Zamani nilikuwa nakunja shati likaingia kwenye bahasha." Alivaa viatu vyake. "Tulipatana, mwanangu. Jumamosi."

Nilimsindikiza mpaka getini.

Niliporudi niliketi mbele ya meli nikiwa nimekata tamaa. Jua la mchana liliingia dirishani likalala kwenye mlingoti wa nyuma, juu ya lile tanga moja la zamani, na nikaona kitu nilichokuwa nikikiona kila siku bila kukitazama. Lilikuwa jembamba. Furushi lake halikuzidi unene wa penseli. Foromali yake ilikuwa ndefu karibu sawa na tuliyokuwa tukihangaika nayo, na kitambaa chake, nilipokikagua kwa kioo cha kukuzia, hakikuwa laini kuliko chetu. Sasa urefu wote ule wa tanga yule seremala aliuficha wapi?

Nilikwenda mbio ofisini kwa mkuu.

"Nataka kulikunjua lile la zamani."

"Nilisema lisiguswe. Litavunjika."

"Nitakwenda taratibu."

Alifungua mdomo, akaufunga. Mtu hawezi kulikataa neno lake mwenyewe. "Nitakuwepo," akasema.

Tuliishusha foromali pamoja na tanga lake, tukaiweka ndani ya sanduku lenye kifuniko, pembeni tukatandika vitambaa vyenye unyevu visivyoigusa, tukaiacha pamba ile kuukuu ivute pumzi ya maji kidogo kidogo. Kila baada ya muda nilifungua na kuijaribu kwa brashi laini. Siku nzima ilipita hivyo, na Bwana Taratibu akaacha shughuli zake mara nyingi kuja kusimama nyuma yangu. Ijumaa asubuhi mkunjo wa kwanza ulilegea. Ukafuata wa pili. Baada ya hapo hapakuwa na mkunjo mwingine.

"Limekwisha?" aliuliza mkuu.

"Limekwisha."

Tulitazamana. Nikaondoka pale bila hata kuvua aproni.

Shangazi alikuwa mlangoni kwake. Cherehani ilikuwa imekwisha fungwa kamba, tayari kwa kesho.

"Nilikwambia usinibembeleze," alianza kabla sijasalimia.

"Sikubembelezi. Shikamoo. Nimekuja kukushtakia mtu."

"Marahaba. Mtu gani?"

"Kuna fundi ameiba kitambaa cha mteja."

Alinyanyuka kitini. "Fundi gani? Wa wapi?"

"Njoo umwone mwenyewe."

Njia nzima alinihoji, nami nilikataa kumjibu. Tulipofika, nilimkalisha, nikampa kioo cha kukuzia na kumsogezea sanduku. Tanga la yule seremala lilikuwa limetandazwa mbele yake, na upana wake kutoka juu kwenda chini ulikuwa vidole vitatu tu. Ukingo wa juu, ule unaoonekana, ulikuwa umeshonwa kwa mishono midogo ya kupendeza. Ukingo wa chini, uliokaa ndani ya mkunjo zaidi ya miaka mia bila kuonwa na yeyote, haukuwa na upindo wala mshono. Ulikuwa umekatwa kwa mkasi na kuachwa hivyo hivyo, nyuzi zikining'inia.

Shangazi alitazama. Akasogeza kioo, akatazama tena.

"Mwizi!" akasema.

Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka kiti kikasogea, mpaka Bwana Taratibu akaja kuuliza kuna nini, naye akamwonyesha kwa kidole kinachotetemeka, akashindwa kusema, akacheka tena. "Hata upindo hakuweka! Uso kaupaka poda, shingo kaiacha na vumbi! Na watu wote hao wamepita wakimsifu!"

"Kwa hiyo haukuwa mkono," nilimwambia.

Aliacha kucheka taratibu. Aliutazama mkono wake, akautazama juu na chini kama kitu alichoazimisha na kurudishiwa.

"Haukuwa mkono," akakubali. "Ulikuwa ni ukaidi wangu. Na wako pia, maana ulikuwa na wazo zuri ukaliacha kwa kunionea haya."

Alivuta mkoba wake, akatoa mkasi wake mkubwa wa kazini. Sikujua kwamba alikuwa bado akitembea nao. Kwa miezi na miezi alikuwa amesema amestaafu, na muda wote huo mkasi ulikuwa kwapani.

Alilichukua tanga letu kubwa, akaliweka mezani, akaufungua mkasi. Hakukata. Nilijua kwa nini. Katika maisha yake yote hakuwahi kupunguza kitambaa ambacho mtu alimpa.

"Yule hakuwa mwizi," akasema polepole, kama anayejihoji mwenyewe. "Upindo tunamwekea mtoto kwa sababu kesho atakuwa mrefu. Hii ni nguo ya nani? Ni ya meli. Na meli haikui."

Akakata.

Kukunja sasa kulikuwa raha. Tulilowesha kitambaa, tukakizungusha juu ya foromali, tukakifunga kwa uzi wenye nta mahali pale pale alipofunga seremala. Matanga niliyoyakunja mimi yalitoka laini na ya mviringo kama sigara. Ya Shangazi yalikuwa na mikunjo midogo isiyolingana, hapa pamevimba, pale pamebonyea, kama kitu kilichokunjwa na mabaharia waliochoka wenye haraka ya kushuka. Bwana Taratibu aliyaangalia ya kwangu na ya kwake, akaniomba kwa upole niyafungue ya kwangu.

"Mimi sikufanya kitu," Shangazi alisema. "Mkono ndio uliotia mikunjo."

"Basi uache uendelee," mkuu akamjibu.

Tulipomaliza, Shangazi alikusanya vipande vyote alivyovikata, akavipanga, akavifunga kwa uzi, akamkabidhi mkuu kwa mikono miwili.

"Vya nini hivi?"

"Mabaki yako. Mimi sibakizi kitambaa cha mtu."

Bwana Taratibu alivipokea naye kwa mikono miwili. Mpaka leo viko kabatini kwetu, vimewekwa kando ya lile tanga la seremala, na sijapata kuona mtu akimcheka Shangazi kwa ajili yake.

Jumamosi kinyozi alikuja mapema, amekuja na binti yake na mkokoteni. Shangazi alikuwa ameketi kwenye cherehani, kamba zimefunguliwa, shuka limekunjwa. Kando ya mashine, mahali pa kuegemezea kifundo, palikuwa na kifuko cha mchanga alichokishona mwenyewe, na kilikuwa kizuri kuliko vya kwetu.

"Mama, tulipatana!" kinyozi alilalamika.

"Tulipatana nikishindwa. Sikushindwa. Rudisha mkokoteni wa watu." Kisha akamgeukia yule binti, aliyekuwa amesimama kimya akiitazama mashine. "Wewe, Jumatatu uje. Njoo na mkasi wako. Wa baba yako usije nao, una nywele za watu."

Binti alicheka. Kinyozi alijaribu kununa, akashindwa.

Siku ya kufungua ukumbi nilivaa gauni ambalo Shangazi alilimaliza asubuhi ile ile. Nilisimama juu ya kigoda naye amepiga magoti chini yangu, pini mdomoni, akizunguka. Nilitaka kumwambia mambo mengi. Nilitaka kumwambia kwamba kila nilipoishika ile meli nilikumbuka mistari iliyopauka ya sketi yangu, na kwamba mtu akiniuliza ni nani aliyenifundisha kutunza vitu vya kale, sitataja chuo kwanza. Badala yake nikashika ukingo wa gauni, nikausikia uzito wake, nikaukunjua kidogo. Ndani palikuwa na upindo mpana kama kiganja.

"Ahsante, Shangazi," nilisema. "Ahsante kwa pindo zote. Lakini upindo wote huu wa nini? Mimi nimeshakua."

Alitoa pini mdomoni.

"Nani kakwambia umemaliza?" akasema, akainama, akaukata uzi kwa meno.